Siku Niliyomtaja Bi Mbele ya Msikiti Mzima

Wapo watu Amu ambao mpaka leo wakiniona naja huingia uchochoro wa pili, na si kwa sababu niliwaibia wala kuwatukana, ila wanachelea nisije nikawashukuru. Chekeni tu, nimeshazoea. Aibu niliyoipata siku ile ilikuwa kubwa hata nilitamani maji yajae mpaka mlango wa msikiti yanichukue, na yote yalianza kwa jambo dogo ambalo mama yangu angelisifu: nilisimama kusema ahsante.

Mimi ni mtu wa Mkokoni, kule bara inakotazamana na Kiwayu, Mtikuu kwa baba na kwa mama. Chuo niliacha mapema (mwalimu wangu wa kwanza husema chuo ndicho kilichoniacha mimi, na sibishani naye), nikiwa na juzuu tatu kichwani na herufi za kutosha kusoma jina langu, likiwa limeandikwa kwa saburi. Tangu hapo sikutulia. Nimekata boriti kwenye mikoko, nimelinda mtama wa watu Kililana usiliwe na ngedere, nimewapikia mabaharia wa Kihadrami mwezi mzima mpaka wakaniomba kwa adabu nishuke, na mwisho nikaangukia kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Amu, nikikata mawe ya kujengea nyumba za mjini. Lakini popote nilipokwenda nilikwenda na ugonjwa mmoja, nao ni kuuliza. Hapa juu ya mlango pameandikwa nini? Kwa nini sala hii husomwa kimya na ile kwa sauti? Nani kasema? Watu walikuwa wakinipa chakula ili tu kinywa changu kipate kazi nyingine.

Ilikuwa miaka ile baada ya Serikali kutangaza kwamba utumwa umekwisha, na mjini watu walikuwa bado hawajajua nani akae wapi. Mwalimu mmoja akafungua darsa msikitini baada ya alasiri kwa kila mwenye kutaka, muungwana, mgeni, mpagazi, hata aliyekuwa mtumwa jana. Mimi nikavuka kutoka Manda nikaingia, vumbi la chokaa limenijaa mpaka kwenye kope, nikakaa nyuma karibu na viatu.

Siku ya kwanza tu Mwalimu alipofika mstari wa nne nikanyosha mkono nikasema, "Mwalimu, hapo sikufahamu." Darsa nzima iligeuka kunitazama kama mtu aliyefungua kikoi chake hadharani. Mwalimu mwenyewe alinieleza vizuri, kwa upole, lakini tulipotoka mwanafunzi mmoja akaniambia, "Bwana, wewe umekuja kusoma au kumhoji Mwalimu?"

"Vyote viwili," nikamjibu, "ikiwa mna nafasi."

Nikaja kuona kwamba wana wa Amu hawaulizi. Mwalimu akisema "Mmefahamu?" wote hutikisa vichwa, hata yule ambaye macho yake yanasema amepotea tangu bismillahi. Kwetu si hivyo. Kwetu mtu akishindwa na kazi hupiga kelele, ukivuta dau peke yako likakwama huoni haya, unaita, "Jamani, mikono!" na mikono inakuja, na anayekucheka ni yule asiyekuwa na dau. Lakini mjini, kuuliza mbele ya watu ni kukiri kwamba nyumbani kwenu hapakuwa na mtu wa kukufunza, na huko ni kumwaibisha baba, na baba wa baba, mpaka ufike kwa mzee wa kwanza aliyeshuka chomboni na kitabu kwapani.

Kilichonishangaza ni kwamba hawaulizi, na kesho yake wote wamejua. Nikamwendea Abdalla, ambaye ndiye aliyekuwa akinisogezea mkeka, kijana mpole wa nyumba kubwa, marehemu baba yake alikuwa akisomesha msikiti ule ule. Nikamwambia, "Niambie kweli, elimu yawaingia mkiwa mmelala?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Baada ya juma moja akaniambia, "Lali, kesho nakwenda kumjulia hali shangazi yangu. Waweza kunisaidia kubeba kikapu." Nikakibeba, nikishangaa njia nzima, maana ndani ya kikapu mlikuwa na ndimu tatu.

Shangazi yake alikuwa mjane, na jina lake silitaji. Nimelitaja mara moja maishani mwangu na mtasikia lilikonifikisha. Nitamwita Bi. Tulipofika tukakaa dakani, pale penye viti vya mawe nje ya mlango mkubwa, na mlango ulikuwa wazi ila umezibwa kwa pazia. Nikawakuta wanafunzi wengine watano wa darsa yetu, kila mmoja amekuja kumjulia hali Bi, na kila mmoja kwa bahati tu amekuja na kitabu. Wakamsalimu, Bi akaitika nyuma ya pazia, akauliza habari za wazazi wao, kisha akasema, "Sijui leo Mwalimu amewasomea nini, nami napenda kusikia." Basi. Wakaanza kumsomea, na yeye "akisikia".

Jamani, yule mwanamke alikuwa bahari! Baba yake alimfunza pamoja na kaka zake, naye akawapita. Lakini hakusema hata siku moja "umekosa". Alikuwa akisema, "Bwana Lali, mstari huo umeupita mbio, labda umesahau kitu nyuma, rudi ukakitazame." Nikirudi nalikuta kosa langu limekaa pale linanisubiri. Mwalimu wangu wa Mkokoni angekwisha kuning'oa sikio. Miezi minne nilibeba kikapu cha ndimu, na ndani ya miezi minne nilisoma kuliko miaka yangu yote iliyotangulia.

Na hakuna aliyeniambia kwamba jambo lile ni siri. Hilo naliweka mbele yenu kama utetezi wangu, dhaifu ulivyo. Mtu wa Amu haambiwi, kama asivyoambiwa asile kwa mkono wa kushoto. Mimi nilidhani pazia ni la Bi peke yake. Sikujua kwamba lilitusitiri na sisi.

Ikafika siku ya kukhitimu kitabu. Ilikuwa asubuhi, udi umefukizwa, halua imepangwa, wazee wa mitaa yote wamekaa. Mbele kabisa alikaa Bwana Seif, kaka yake Bi na ami yake Abdalla, ndiye aliyemlea tangu baba yake kufa. Nawaambia habari ya Bwana Seif kwa sababu siku ile ilikuwa siku ya Abdalla. Ami yake alitaka ampeleke Kililana akasimamie shamba. Abdalla yeye alitaka kubaki akasomeshe kama baba yake. (Abdalla na shamba wapi na wapi! Jembe akilishika utadhani kashika nyoka.) Wakaahidiana: akisoma vizuri mbele ya wazee atabaki awe msaidizi wa Mwalimu, asiposoma vizuri atapanda mashua.

Abdalla akasoma mlango wa tohara, ule wa udhu na tayamamu, kwa sauti iliyotulia, hakukwama popote, nikaona Bwana Seif anashika ndevu zake kwa raha. Yamekwisha, mambo mazuri. Kisha nikaitwa mimi, wa mwisho. Nikasoma nusu ukurasa, nusu nzima, bila kosa, na nilipofika mwisho nikatazama tena kama kweli nimefika, maana tangu kuzaliwa sikuwahi kumaliza jambo lolote. Chuo sikumaliza, boriti sikumaliza, hata wale mabaharia sikuwamaliza.

Ningekaa hapo ningekuwa salama mpaka leo.

Lakini kwetu kazi haikwishi kazi inapokwisha. Dau likishuka majini, nyumba ikiezekwa, mwenyewe husimama akataja mikono: fulani kashika kamba, fulani kapiga misumari, fulani kaleta maji. Usipowataja umekula jasho la watu. Basi nami nikasimama.

"Wazee wangu," nikasema, kwa sauti ya machimboni, kwa sababu ndiyo niliyonayo, "mimi ni mtu wa kukata mawe, na leo nimesoma. Haya si yangu peke yangu. Mkono wa kwanza ni wa Mwalimu." Vichwa vikatikiswa, mashaallah, mashaallah. Nikapata nguvu. "Na mkono wa pili ni wa Bi..." na hapo nikamtaja, jina lake, la baba yake, la babu yake na la mtaa wake, "...aliyenikalisha dakani kwake miezi minne akinifunza kila nilichokuwa sikijui, nacho kilikuwa kingi!"

Kimya kilichoingia mle msikitini, wallahi, ungesikia halua ikiganda. Nikadhani wameguswa. Abdalla akakohoa. Sasa, kwetu mtu akikohoa wakati wa kutaja mikono, maana yake anakukumbusha kwamba yeye umemsahau.

"Usikohoe, Abdalla, nakuja kwako!" nikamwambia. "Huyu Abdalla ndiye aliyenipeleka. Na yeye mwenyewe kafunzwa pale pale! Ule mlango aliousoma sasa hivi ulimshinda kabisa, Bi akamrudisha mara tisa. Mara tisa, wazee, na hakukata tamaa!"

Wale watano wengine wakaanza kukohoa wote pamoja. Nami, mpumbavu wa Mungu, nikafurahi kwa hamu yao, nikawataja mmoja mmoja, nani alikwama wapi.

"Lali," Mwalimu akasema taratibu, "kaa, mwanangu."

"Amebaki mmoja, Mwalimu."

Bwana Seif akasimama. Hakunitazama. Akasema, "Abdalla, inuka twende," wakatoka, na wazee wakaanza kutafuta viatu vyao mmoja mmoja, na halua ikabaki vile vile haijaguswa. Sijapata kuona halua ikiachwa mahali popote duniani.

Yule aliyewahi kuniuliza kama nimekuja kusoma au kuhoji akanishika mkono. "Umetuvua nguo."

"Nimewashukuru!"

"Na jina la mwanamke wa watu umelinadi msikitini kama samaki! Ami yake Abdalla hakujua. Wazazi wetu hawakujua. Bi ametusitiri miaka yote, na leo wewe umeng'oa pazia."

Nikaelewa. Lilichelewa lakini liliingia lote kwa pamoja. Na kabla halijakaa vizuri kichwani nikakumbuka jambo la pili. Kwetu, baada ya kutaja mikono, hupelekwa zawadi. Nilikuwa nimepatana na wenzangu wa Manda, wakata mawe kumi na wawili, na mkubwa wao Famau, kwamba asubuhi ile wavuke na papa mkavu mzima, wamtundike kwenye mti, wachukue na ngoma, wampeleke mlangoni kwa Bi.

Nikakimbia. Vichochoro vya Amu si vya kukimbilia. Nilimkwepa punda mmoja nikamgonga wa pili. Harufu ya papa ilinipokea kabla sijasikia ngoma, kisha nikasikia ngoma, kisha nikasikia wimbo waliojitungia wenyewe, Mungu awahukumu: "Bi kafunza mawe, mawe yakasoma!" Madirisha yote ya mtaa yamefunguka kidogo kidogo, kila moja na jicho.

"Lali!" Famau akaita. "Uko wapi? Tumeshaimba mara tatu na mwenyewe hatoki!"

"Nyamazeni! Rudini!"

"Turudi na papa? Baada ya kumbeba kote huku?"

Na hapo Bwana Seif akatokea pembeni, Abdalla nyuma yake. Wabebaji wakageuka kumpisha kwa heshima, wote kwa upande mmoja, na mkia wa papa ukaizungukia kofia ya Bwana Seif ukaiangusha kwenye mfereji. Ngoma ikanyamaza. Famau akaiokota, akaifuta kwenye kikoi chake, akampa. Ingekuwa heri asingeifuta.

Ndipo sauti ya Bi ikatoka nyuma ya pazia, imetulia kama siku zote. "Waambieni mabwana wa Manda nimepokea, na Mungu awape nguvu. Lakini papa mkubwa kama huyu nyumba moja haimwezi. Wamkate, kila nyumba ya mtaa ipate kipande."

Wakamkata. Kila mlango ukapata kipande, na ilipofika adhuhuri mtaa mzima ulinuka papa, hata mpita njia asingeweza kusema zawadi imefika kwa nani. Nilisimama pale nikitazama, na ndipo nilipofahamu kwamba hata kwa aibu niliyomletea mwenyewe, alikuwa ananisitiri. Kisha pazia likaondolewa, na mlango mkubwa ukafungwa.

Ulibaki umefungwa. Na habari ikazagaa kwamba Jumamosi Abdalla atapanda mashua ya Kililana. Ami yake alikuwa amesema barazani, watu wakisikia, "Nilidhani nina mwanachuoni nyumbani. Kumbe nina kasuku, ameshikishwa maneno na shangazi yake."

Nilimwendea Abdalla kumwomba radhi. Alikuwa akifunga vitabu vyake kwa kamba. Nikafungua kinywa, akainua mkono. "Lali, nakusihi, usiniombe radhi kwa sauti."

"Nifanye nini basi? Niambie."

"Huna la kufanya. Kila nti ina ndia yake ya kusaidiana, nawe hukuijua ya kwetu, nami sikukueleza. Kosa ni langu pia." Akakaza fundo. "Wajua kinachoniuma? Zile mara tisa. Ilikuwa kweli. Lakini mara ya kumi niliufahamu, Lali. Sikuukariri, niliufahamu. Sasa nani ataamini?"

Nikarudi Manda nikakata mawe siku mbili nikiwaza. Mimi sina mali, sina nasaba, sina ulimi wa mjini. Najua jambo moja tu, kuuliza. Na swali nilikuwa nalo, tena la kweli, lililonisumbua tangu tulipousoma mlango ule wa tohara.

Alhamisi baada ya alasiri wazee wamekaa barazani nje ya msikiti, Bwana Seif akiwa kati yao, na Abdalla akatoka ameinamisha macho. Nikasimama. Nikaona watu wawili wanaanza kuondoka.

"Bwana Abdalla, nina swali. Manda hatuna maji ya kutosha. Sala ikitukuta machimboni twatayamamu kwa lile vumbi la mawe. Yafaa?"

Abdalla akanitazama kwa hofu, akidhani namwangamiza mara ya pili. Lakini swali likamshika. Nililiona likimshika, kama ndoana.

"Lile vumbi ni la mawe matupu," akauliza, "au lina udongo?"

"Mawe, na chokaa kutoka tanuri."

"Halifai. Utakiwao ni udongo safi wenye vumbi. Jiwe lililosagwa si udongo, na udongo ukichanganyika na chokaa haufai pia."

"Basi twende wapi? Kila kitu ni cheupe kule."

"Chukueni udongo mwekundu mbali na tanuri, muuweke kwenye mfuko mkavu. Mfuko mmoja wawatosha wote."

Bwana Seif akatikisa fimbo yake. "Na upepo ukipuliza chokaa juu yake?" Lilikuwa swali la mtego, na halikuwemo kitabuni.

"Wachimbe chini, ami, mpaka wafikie usioguswa."

Famau alikuwa nyuma yangu, na uso umembadilika. "Na zile tulizokwisha kusali, Bwana? Tangu mwaka juzi?"

 Wazee wote wakamtazama Abdalla. Kisha akasema, mbele ya baraza zima, maneno ambayo sijapata kuyasikia kwa mwana wa nyumba kubwa: "Hilo sijui. Naona mwalipa, lakini sina hakika. Kesho nitamwuliza Mwalimu darsani."

Nami nikajiambia, Lali, umemmaliza. Lakini Bwana Seif alikuwa akimtazama kijana huyo kama mtu anayeona sura ya ndugu yake aliyekufa.

"Kasuku hasemi sijui," akasema mwishowe, kama anajiambia mwenyewe. Akasimama, akavaa viatu. "Jumamosi mashua itakwenda Kililana na mbegu tu." Akanipita, akasimama, akageuka nusu. "Wewe."

"Naam, Bwana."

"Usinishukuru."

Sikumshukuru. Niliuma mdomo mpaka ukatoka damu kidogo, lakini sikumshukuru. (Mwalimu alisema tuzilipe zote, na wakata mawe kumi na wawili walininunia mwezi mzima.)

Siku iliyofuata Abdalla alinyosha mkono darsani akauliza, na juma la pili akauliza mwingine, kwa sauti ndogo, akitazama mkeka. Si wote. Wengine mpaka leo hawaulizi, nami siwalaumu tena, kwa sababu nimeona kile wanachokilinda.

Mlango wa Bi ulichukua muda zaidi. Ulipofunguka nilikwenda peke yangu, nikakaa dakani, nikasoma nilichosoma, naye akanirudisha kwa kosa moja kama ilivyo desturi. Hakusema neno juu ya siku ile. Mwisho nikashindwa kujizuia.

"Bi," nikasema, taratibu kuliko nilivyowahi kusema jambo lolote, "kwetu mtu akisaidiwa asiposhukuru hupata mzigo. Mimi nimeelemewa. Nikushukuru vipi?"

Nikamsikia akicheka nyuma ya pazia, kicheko chepesi, mara ya kwanza na ya mwisho. "Mfunze mwenzako," akasema. "Na usiniambie ni nani."

Tangu siku hiyo nimekula kiapo sitamshukuru mtu yeyote mpaka nimwulize kwanza kwao hushukuriwa vipi. Nimezunguka sana baadaye, Siyu, Kismayu, Mombasa, na Bi hajanitoka moyoni hata mwezi mmoja. Na kama mwataka kujua nimewafunza wangapi, na wapi, na akina nani walikwama kwenye mstari gani, basi kunyweni kahawa yenu, kwa sababu hilo kwangu hamlipati.